Jina Lililoitwa Mkwaja

Ushongo,
3 Novemba 1957

Kristofa mwanangu,

Nimeficha kifo cha mtu kwa miaka sita na miezi kumi. Nimekificha ndani ya sanduku lililo mbele yako hapo mezani, sanduku unalolifungua kila asubuhi kabla hujanywa chai.

Nimeanza na hilo kwa sababu daktari wa Pangani ameniambia nisiandike barua ndefu. Miguu imevimba hadi magotini na maji yanapanda. Yeye hakusema yakifika wapi itakuwa basi, nami sikumuuliza.

Desturi ya Afisi ya Majina hapo bandarini unaijua, mimi ndiye niliyekufundisha. Mpakuzi akitafutwa, karani hatafuti apendapo. Anaanza sanduku la mezani. Kadi isipokuwamo, anavuta mtoto wa meza, yaani droo yake. Isipokuwamo humo, anafungua kabati la ukutani. Mwisho kabisa ni chumba cha nyuma. Kadi ya kwanza kuonekana ndiyo kadi: kilichoandikwa kinafanywa, na karani hafungui pengine. Niliiweka kanuni hiyo mwaka 1938, tulipokuwa na wapakuzi mia saba na karani wawili, na bwana mkubwa wa wakati ule akanipa mkono mbele ya watu. Ni kanuni nzuri. Ina kasoro moja tu, kwamba mwenye sanduku la mezani ndiye mwenye kila jina lililo nyuma yake.

Humo sandukuni, chini ya kadi za leo, utaikuta kadi ya Abdulwahidi Mselem, namba 214. Imeandikwa: Amehamishiwa Mkwaja. Kila mwezi ipelekwe hati ya kumwita. Nanyi kila mwezi mmepeleka, maana hamkuambiwa mwache.

Abdulwahidi hayuko Mkwaja na hajapata kuwako. Alikufa hapo bandarini mwezi wa Januari 1951.

Itoe kadi hiyo. Usiichane, unajua tena: ndani ya jina lake limo jina la Mwenyezi Mungu, na kadi za namna hiyo hatuchani wala hatuchomi. Iweke kando. Kadhi akikuandikia, mjibu kwamba mtu huyo hayumo katika watu wenu. Mwanangu Miraji anataka kumwoa Saleha, mke wa marehemu, na kadhi hawezi kufunga ndoa ya mwanamke ambaye karatasi zetu zinasema ana mume mzima Mkwaja. Nataka mlango huo ufunguke kabla sijaondoka.

Hayo yanatosha. Usiniulize zaidi.

Mzee wako,
Idarusi


Tanga,
11 Novemba 1957

Mzee Idarusi, shikamoo.

Tumesikitika sana kwa habari za miguu. Wenzangu wote wanakusalimu, na Shekhe mwitaji anasema kama ungekuwa karibu angekuitia afya yako kwa sauti ikakosa pa kujificha. Sauti ile haijapungua.

Kadi nimeitoa siku ileile barua yako ilipofika. Niliifunga ndani ya karatasi safi, nikaiweka nyumbani kwangu juu ya kabati. Lakini nieleze yaliyofuata, maana siku tatu sasa sili vizuri.

Tarehe saba Bi Saleha alikuja dirishani kama ajavyo kila mwezi. Aliuliza kwa namna ileile, kama mtu anayeuliza samaki leo wapo au hawapo.

"Kristofa, mume wangu yuko wapi leo?"

Kabla sijafumbua mdomo Shekhe akadakia, "Huyo mumeo, mama, amepata cheo kikubwa. Haonekani hata na mabwana wakubwa."

"Na wewe na koo lote hilo," akamjibu, "miaka sita hujamfikishia jina lake. Ungekuwa jogoo tungekuchinja."

Watu walicheka dirishani. Nami nikasema moyoni, leo nitampa jibu la kweli. Lakini karani wa zamu alikwisha tazama sandukuni, akakuta tupu, akavuta mtoto wa meza kama kanuni inavyotaka. Akasoma: "Amehamishiwa Mkwaja."

Nilimnyang'anya. Kadi nyingine, maneno yaleyale, mwandiko wako. Watu walipoondoka nikafungua kabati la ukutani. Humo pia imo. Nimezitoa zote mbili. Kwa nini ziko tatu, mzee wangu? Kosa la karani halijirudii mara tatu kwa mwandiko mzuri hivyo.

La pili ni ubao wa zamu. Vuli imeanza na ubao unatoa jasho, na unajua ubao ukitoa jasho majina yaliyofutwa huonekana kidogo chini ya chaki. Hayo tumeyazoea. Juzi limetokea jina la Abdulwahidi Mselem, mstari wa tatu kutoka juu. Ubao huu ni mpya. Uliletwa na fundi seremala mwaka jana, na jina hilo halijapata kuandikwa juu yake.

Shekhe hakujua. Alisoma mistari yote kwa mkumbo, na jina hilo akaliita pamoja na mengine. Wapakuzi mia tatu walikuwa uani. Sauti ikaitikia "Naam" kutoka upande wa gati. Niliuliza mstari kwa mstari nani ameitika. Kila mmoja alimtazama mwenziwe, na Shekhe akaenda kunawa uso.

Tafadhali nijibu upesi.

Mtoto wako,
Kristofa


Ushongo,
19 Novemba 1957

Kristofa mwanangu,

Barua yako nilisomewa na mke wa jirani, maana asubuhi macho yangu hayashiki wino. Alipofika kwenye ile "Naam" akasimama, akaniuliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee.

Nitakueleza, na baada ya hapo uniache nipumzike.

Unajua ubao unavyokaa. Kila mstari una miraba ya jina, ikifuatwa na miraba ya kazi. Herufi ya mwisho ya jina ikishaandikwa, tunachora kijiti cha kusimama ili mwitaji ajue jina limekwisha. Kijiti kisipokuwapo, mwitaji huendelea kusoma kilichobaki cha mtu wa jana, au huingia katika mambo ya jirani. Siku zote nilikuwa nikiwaambia: pimeni jina kabla hamjaliandika, futeni mstari wote na si nusu, na kijiti kiwekwe hata kama mkono umechoka.

Asubuhi ya tarehe 16 Januari 1951 mimi mwenyewe nilikuwa ubaoni. Jina la Abdulwahidi ni refu. Lilijaza miraba yake yote, kijiti kikakosa mahali, kikaangukia mraba wa kazi, nami katika kusahihisha nikaifuta kazi yake. Mwitaji wa wakati ule akamsomea kazi ya mstari wa chini, ambayo ilikuwa ngama namba mbili. Akateremka kwenye tishari lililokuwa likilisha tumbo hilo la meli, kufunga marobota ya mkonge, mnyororo wa winchi ukakatika, robota likamsukuma baina ya meli na tishari. Wenziwe walikuwa vibarua wa siku moja kutoka bara, hawakumjua kwa sura wala kwa jina; walinieleza mimi dirishani kwamba mtu ameanguka, wakalipwa wakaenda zao. Jioni msimamizi akaja kuniambia amepungukiwa na mtu mmoja. Niliona haya kwa kosa langu, Kristofa. Miaka ishirini na mitatu ya kazi bila doa. Nikaandika kadi ya Mkwaja, nikamwonyesha, nikamwambia mtu wako amechukuliwa na motaboti tangu adhuhuri. Akashukuru akaenda zake.

Zilikuwa nne, si tatu. Ya nne imo chumba cha nyuma, mbele ya kadi za herufi A. Aliyeficha mahali pamoja tu hajaficha, maana siku moja atakuja karani mwenye bidii kama wewe aondoe ya kwanza.

Sasa mwambie Saleha kwamba mumewe amekufa kwa kosa la ubao. Inatosha.

Mimi nami nina jambo la kukuuliza. Nyumba ninayokaa haina meza. Ina kitanda, mkeka, mtungi na kasha la nguo. Tangu wiki iliyopita, adhuhuri, watu wakiwa wamelala kwa joto, nasikia mtoto wa meza akivutwa. Polepole, kama tulivyozoea tukiwa na kadi nyingi. Halafu kimya, kama mtu anatazama. Halafu anasukumwa ndani. Jana nilisikia na mlango wa kabati. Je, mmefungua kabati jana adhuhuri?

Mzee wako,
Idarusi


Tanga,
2 Desemba 1957

Mzee wangu, shikamoo.

Kabati hatukulifungua. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na mimi ndiye mwenye ufunguo.

Nisamehe kwa nitakayoyaandika. Nimeyaandika mara mbili nikayaweka, na hii ni mara ya tatu.

Nilikwenda chumba cha nyuma kutafuta kadi ya nne. Niliikuta ulipopasema. Lakini nyuma ya makabati, ukutani, umeegemezwa ubao wa zamani, ule uliotumika mpaka mwaka jana. Nikaupangusa vumbi nikahesabu miraba. Jina lina ishirini. Abdulwahidi Mselem ni herufi kumi na saba, na nafasi moja katikati, kumi na nane. Kijiti ni cha kumi na tisa. Mraba mmoja unabaki mtupu. Jina lake halikujaza chochote, mzee wangu. Kijiti kilikuwa na mahali pake, na kulikuwa na mahali pa kupumulia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kabla ya kuandika, ndiyo maana nimehesabu mara nne.

Baada ya hapo sikuondoka. Chini kabisa, nyuma ya zile kadi za wazee waliokufa zamani ambazo hatuzichani, nilikuta kopo la biskuti. Ndani yake mna kadi mbili zimefungwa pamoja kwa uzi mweupe, mafundo matatu. Ya juu ni ya Abdulwahidi Mselem. Si ya Mkwaja hii. Imeandikwa: 16 Januari, ngama namba mbili. Pembeni, pale tunapotia tarehe ya kuandikwa kadi, pana 15 Januari, na herufi zako mbili.

Basi hakusomewa kimakosa. Aliandikiwa siku moja kabla, kwa kadi ya sanduku la mezani, ambayo wewe peke yako ulikuwa na ruhusa ya kuiweka. Umeniambia uongo, na unajua kwamba nimejua. Sikasiriki. Naogopa.

Kadi ya pili imekunjwa mara mbili, uso ndani, na siwezi kusoma jina bila ya kukata uzi. Sikuukata. Ya juu niliichomoa kwa kuisukuma. Ile nyingine nimeiacha na uzi wake, imo mfukoni mwa koti langu, na kila nikiketi naisikia.

Bi Saleha nimemwambia kwamba mumewe amekufa, na kadi ya ngama nimempa. Nilidhani atalia. Alishika kingo za dirisha, akauliza neno moja: "Nani aliyesema aende?"

Nikamwambia sijui.

"Kristofa," akasema, "umejifunza kuongea kama kadi."

Kadhi hakubali. Anasema kadi moja inasema mtu yuko ngamani, nne zinasema yuko Mkwaja, na karani aliyeziandika zote ni mmoja. Anataka kaburi, au shahidi. Bi Saleha amesema anakwenda Mkwaja mwenyewe kutazama huko hati zetu zilikuwa zikipokelewa na nani. Miraji alitaka kumsindikiza, akamkataza.

Mtoto wako,
Kristofa


Chumbageni,
16 Desemba 1957

Mzee Idarusi, shikamoo.

Naandika kwa mkono wangu. Nilijifunza herufi hizi za kizungu miaka minne iliyopita ili niweze kuisoma mwenyewe kadi ya mume wangu dirishani, na karani wasinidanganye. Sikujua kwamba kadi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikidanganya.

Nimetoka Mkwaja. Nilipanda lori la chumvi, nikalala Pangani kwa shangazi, nikafika siku ya pili saa nne asubuhi. Mwenye duka huko ni Bwana Esmailji, mzee mwenye miwani ya nyuzi, yeye ndiye wakala wa kampuni yenu kwa mbata. Nilipotaja jina la mume wangu hakushangaa. Akafungua sanduku la bati, akanitolea hati zenu, zimepangwa vizuri. Themanini na mbili. Amezitunza zote kwa kuwa, alisema, zina jina la Mungu ndani yake.

Nikamwuliza, "Na wewe ulizifanyia nini?"

"Nilifanya ilivyoandikwa, mama. Imeandikwa aitwe. Kila ikija, mtu wangu anasimama pale kwenye mikoko anamwita. Mara tatu."

"Na asipoitika?"

"Miaka miwili ya kwanza hakuitika," akasema. Kisha akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

Nilimwomba aitwe mbele yangu. Hakutaka. Akasema hati ya mwezi huu haijaja, na tangu Novemba haijaja, na watu wa pale wamefurahi haiji. Nikamwambia mimi ndiye mkewe, sina haja ya hati. Basi tukaenda, yeye na mimi na mwitaji wake. Jua lilikuwa kali, maji yamekupwa, matope yanang'aa mpaka mbali, hakuna mtu wala ndege. Yule mwitaji aliita: "Abdulwahidi Mselem!"

Mzee wangu, niliishi na mume wangu miaka mitano. Naijua sauti yake akiwa na njaa, naijua akiwa na usingizi. Iliitikia "Naam" kutoka kwenye mikoko, si kwa nguvu, kama mtu aliyeshughulika na kazi ambaye hajapewa ruhusa ya kuiacha. Nilikimbilia matopeni mpaka yakanifika mapajani. Nikamwita mimi, kwa jina nililokuwa nikimwita nyumbani, ambalo halimo katika kadi yoyote. Hakuitikia. Nikamwambia yule mwitaji aite tena kwa jina la kadi. Ikaitikia.

Walinitoa kwa kamba.

Tangu hapo nimeelewa jambo moja. Si mume wangu aliyeko kule. Ni lile jina, ambalo hakuna aliyeliambia liache. Na sijui kama mwenyewe anaweza kupumzika mahali popote wakati jina lake lingali kazini.

Sasa nakuuliza maswali mawili, nami sitaki jibu la ubao. La kwanza: amezikwa wapi? Wakati anazikwa nilistahili kukaa eda, kuvaa nguo za huzuni na kusomewa khitma kama wanawake wengine. Badala yake watu wa mtaani waliniambia nimekimbiwa, nami nikaamini. Nilimlaani, mzee wangu. Nilimlaani maiti kwa miaka saba.

La pili: nani aliyesema aende?

Kristofa anayo kadi nyingine. Hataki kuitazama. Amesema ukimwandikia neno moja ataizamisha baharini kama tunavyozamisha karatasi zenye jina la Mungu, na hakuna atakayeuliza tena. Nimemwambia angoje mpaka utakaponijibu mimi.

Miraji hajui niliyoyaona Mkwaja. Yeye anataka ndoa iwe mwezi wa Rajabu. Ni mtu mwema, mzee wangu, labda hujui jinsi alivyo mwema. Miaka hii yote alikuwa akinisubiri nje ya afisi yenu ili nisirudi peke yangu. Nilimwuliza jana kama anaikumbuka siku ile. Akasema anaikumbuka kwa sababu alikasirika: walimpeleka ghala la chumvi bila ya sababu, na wapakuzi wenziwe wakamcheka kwamba ni mtoto wa karani.

Nangoja.

Saleha


Ushongo,
4 Januari 1958

Mwanangu Saleha,

Barua yako imekaa chini ya mto wangu siku kumi na mbili. Haikuwa peke yake. Chini ya mto huo kuna kibati cha shaba cha namba 214.

Nijibu kwanza swali la kwanza, kwa kuwa hilo naliweza.

Mume wako yuko hapa Ushongo. Siku ya nane baada ya tarehe 16 maji yalimleta. Watu wa hapa hawakuweza kumtambua kwa sura, lakini kibati kilikuwa kimeshonwa kwenye ukanda wake. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamsalia, wakamzika kama wanavyowazika wageni, nyuma ya kisima cha zamani, kwa mawe mawili ya matumbawe. Aliyemwosha yu hai, jina lake ni Mselem, kama la baba yake mumeo, nami nimemwomba aje Tanga kwa kadhi. Yuko tayari. Huyo ndiye shahidi, kaburi lipo, na kibati nitampa mkononi. Namba imo katika daftari la Kristofa. Kadhi hatakuwa na la kusema.

Wao walikuwa watu waaminifu. Walikileta kibati afisini wapate kujulisha jamaa zake. Walinikuta mimi. Niliwashukuru, nikawaambia jamaa watajulishwa.

Nilipoacha kazi watu walishangaa kwa nini sikubaki mjini. Walidhani nimefuata hewa. Nimekaa hatua mia mbili kutoka kwake kwa miaka miwili na nusu, na kila Ijumaa nilimsomea Yasini mpaka miguu ilipokataa. Usidhani nakueleza hayo ili unihurumie. Nilikuwa nikimlinda, kama mtu anavyokilinda kitu alichokiiba.

Kuhusu Mkwaja sina elimu. Nilisoma vitabu vingi katika maisha yangu na hakuna hata kimoja kinachosema nini hutokea kwa jina linaloitwa kazini mwezi baada ya mwezi na mwenyewe hayupo. Nakuambia nilichosikia tu. Tangu ulipoandika, mtoto wa meza havutwi tena, wala kabati. Sasa ni mlango wa tatu ndio unaofunguliwa, ule wa chumba cha nyuma, uliokuwa ukikwaruza sakafu. Anatafuta kwa mpangilio, Saleha. Anatafuta kama nilivyomfundisha kila mtu kutafuta. Baada ya mlango huo hakuna mahali pengine.

Jana adhuhuri nilisikia mafundo ya uzi yakifunguliwa. Moja, la pili. La tatu bado.

Swali lako la pili, sasa.

Tarehe 15, alasiri, Fundi Kutbuddin wa winchi alikuja afisini na mafuta hadi kwenye viwiko. Aliniambia pete moja ya mnyororo wa ngama namba mbili imepasuka, itachukua mzigo mara mbili au tatu, haitazidi hapo. Nikampeleka kwa bwana mkubwa. Bwana mkubwa akasema meli inaondoka kesho jioni na mkonge wote uwe ndani. Kutbuddin akatoka, akanitazama, akasema, "Karani, mimi nimesema. Aliyeko chini kesho ni mtoto wa mtu." Akaenda zake. Mimi nikabaki na orodha ya kesho mkononi.

Ningeweza kukataa kuandika jina lolote. Ningefukuzwa siku ileile, meli ingepakiwa vilevile, lakini si kwa mkono wangu. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria jambo jingine lolote. Wakati ule sikulifikiria hata mara moja. Nilifungua sanduku la mezani, nikachukua kadi mbili tupu.

Kwa nini Abdulwahidi, utauliza. Sikuwa na chuki naye. Sikumjua. Nilikuwa na haraka, na kadi yake ndiyo ya kwanza katika mtoto wa meza, kwa herufi yake. Ya kwanza kuonekana. Kanuni yangu.

Zile kadi mbili za kweli ilinipasa kuzipoteza, lakini ya mume wako sikuweza kuichana kwa jina lililomo ndani yake, na ile nyingine sikuweza kuichana kwa sababu ambayo nitaiandika sasa hivi. Nikazifunga pamoja. Nilidhani nimezificha. Kumbe nimezitunza.

Nimemwandikia Kristofa leo. Nimemwambia kadi ile asiizamishe. Akate uzi, akupe wewe, na wewe uamue kama Miraji ataisoma. Sitakuomba umwoe wala umwache. Yeye hakujua, na hajui hata saa hii. Kama utamwambia, mwambie mkiwa mmeketi, na umshike mkono, kwa maana mtu akiambiwa jambo kama hili huanza kuutazama mwili wake kama kitu cha kuazima.

Mkono wangu unasimama na kuanza. Natia sahihi hapa kabisa, mapema, ili mauti yakiwahi usiseme barua haina mwenyewe.

Idarusi

Ninachora kijiti baada ya jina langu, na lililobaki naliandika nje yake.

Kadi ya pili ni ya Miraji. Ngama namba mbili ilikuwa zamu yake. Nilijua mnyororo umepasuka, nikamwandikia mwanangu ghala la chumvi, na kabla wino haujakauka nikamwandikia mume wako mahali pake.